Tangi la Honda ya mzee: shajara ya kutoa kutu kwa siki, ndimu ya unga na magadi

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimelivua tangi. Honda CG 125 ya mzee imesimama bandani kwetu Ngamiani, Tanga, miaka 6 sasa, tangu magoti yalipomkatalia kupiga kiki. Ndiyo pikipiki aliyozungukia vijiji vya Muheza enzi zake za ubwana shamba, na mimi nilibebwa juu ya tangi hilihili kabla sijaanza shule, nimeshika usukani katikati ya mikono yake. Watu wananiambia tangi jipya la kuigiza lipo madukani. Najua lipo. Nalitaka hili.

Nilipofungua kifuniko, harufu iliyonipiga haikuwa ya petroli, ilikuwa kama ya vanishi iliyoachwa wazi muda mrefu. Nikamulika ndani. Dari yote imevaa kutu ya rangi ya tofali, magamba yamesimama kama ya samaki aliyeanza kuparwa, na chini kuna tope jekundu zito. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake. Nikamuuliza aliiacha na mafuta kiasi gani.

"Nusu tangi," akasema. "Nilidhani nitairudia wiki ileile."

Nusu tangi ndiyo hali mbaya kuliko zote. Tangi likijaa pomoni, hewa haina pa kukaa. Likiwa tupu, kavu, limepakwa oili, kutu huchelewa. Lakini nusu ya juu ikiwa hewa tupu, usiku bati linapoa, unyevu unatua kwenye dari kama jasho, kisha unadondoka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama hadi kwenye mshono wa chini na kubaki hapo, hata koki hayaifikii. Na hewa ya kwetu ina chumvi ya bahari. Jasho la miaka 6 ndilo nililolimulika leo.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili. Nimeyachuja kwa kitambaa, yakaacha mchanga wa kutu vijiko 3. Nimempelekea fundi wa mtaani, yeye ataoshea vipuri. Koki nayo nimeifungua: lile chujio la wavu linalosimama ndani ya tangi limeliwa nusu. Maana yake hata siku zake za mwisho barabarani, kutu ilikuwa inashuka moja kwa moja kwenye kabureta.

Fundi amenishauri maji ya betri. "Saa moja tu, linang'aa." Namheshimu, amenifunza mengi, lakini kwa hili sitamfuata. Asidi ya salfuriki haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na bati, na bati la tangi ni jembamba. Dawa kali ya choo nayo siitaki: ndani yake mna asidi ya haidrokloriki, na mvuke wake peke yake unaotesha kutu kwenye kila chuma kilicho jirani. Mwingine akasema tangi likatwe kwa chini, likwanguliwe, kisha lichomelewe. Hilo halina hata mjadala. Tangi lililowahi kubeba petroli, hata ukiliona kavu, lina mvuke, na mvuke huo ukikutana na cheche ni bomu. Kuna watu wamekufa hivyo.

Kazi ya leo imeishia kwenye kuosha tu. Sabuni ya unga, maji ya moto, tikisa, mwaga. Mara 7. Ya saba ndiyo iliyotoka bila harufu.

Usiku huohuo

Sikutaka kubahatisha na tangi, nikajaribu kwanza kwenye misumari. Nimepanga vikombe 4 kibarazani, kila kimoja na msumari wenye kutu kutoka kopo moja: siki nyeupe ya dukani, ndimu ya unga, ile ya kutiwa kwenye achari, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha maji, soda ya kola, na rojo la ukwaju. La mwisho ni wazo la mama. Sinia zake za shaba huzisugua kwa ukwaju zikang'aa, akauliza chuma kikatae kwa nini.

Jumapili, 6 Julai

Matokeo ya asubuhi. Ndimu ya unga: msumari umetakata hadi kwenye kichwa, maji yamegeuka manjano ya kijani. Siki: umebaki na madoa machache, ila ukipangusa kwa kidole kutu inatoka kama masizi. Kola: kutu imekuwa nyeusi, haijatoka, na kikombe kinanata. Kola ina asidi ya fosforiki kweli, lakini ni kidogo, na ile sukari sitaki iingie kwenye tangi. Ukwaju: mama hakukosea, msumari umesafika vizuri tu, lakini nyuzi na rojo vimeganda juu yake. Kwenye sinia unasuuza. Ndani ya tangi nitazitoaje?

Nimeamua nianze na siki kwa kuwa sikupata ndimu ya kutosha, maduka ya karibu yanauza kwa vipakiti.

Kabla ya asidi yoyote lazima magamba makubwa yatoke kwa nguvu, la sivyo siki inachoka kwa kula kutu ambayo mkono ungeiondoa bure. Nimetia nati 60 za namba 10, nikazihesabu mara mbili, nikamimina maji ya sabuni lita 2, nikalifunga tangi kwenye blanketi kuukuu. Kisha kutikisa: mbele nyuma, kulia kushoto, likiwa wima, likiwa limepinduliwa. Dakika 20, pumzika, tena. Kokoto sikutumia kwa sababu hupasuka zikaacha vumbi, na vipande vyake sumaku haivishiki. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi. Ya nne yalikuwa kama maji ya mchele.

Nati zilitoka 58.

Ukilitazama tangi la pikipiki kwa juu unadhani ni chungu kimoja. Sivyo, limekaa kama shogi la punda: katikati bati linapanda ili kupisha fremu, na pande mbili zinaning'inia. Kitu kikiingia kwenye kona ya mbele ya shogi hakikuoni wala hukioni. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga uzi, nikaishusha kwa mdomo wa tangi. Ya 59 ilikuja mara moja. Ya 60 imenichukua hadi adhana ya magharibi. Sikuthubutu kuiacha, nati inayogongagonga ndani ingetafuna bati kila siku ya safari.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Sikukuu, kwa hiyo siku nzima ni yangu.

Tundu la koki nimeliziba kwa duara nililolikata kwenye soli ya ndala, nikalibana kwa kipande cha bati na skrubu zilezile za koki. Koki yenyewe na kifuniko viko kando, siki isiviguse. Rangi ya nje bado ni ile nyekundu ya zamani, imepauka lakini ipo, nami sitaki kuipoteza: nimepaka grisi kuzunguka mdomo na kulivika tangi mfuko wa nailoni.

Jana nilipima kwa maji, linachukua lita 11. Siki basi ni galoni 2 za lita 5 na chupa 2 za nusu lita, bila kuchanganya na maji. Kuna wanaotia nusu na kuligeuza geuza. Nimekataa, kwa sababu dari ndiyo yenye kutu kuliko upande mwingine, na sehemu iliyo nje ya siki hupata mvuke wa asidi pamoja na hewa, ikazidi kuota kutu. Nimejaza hadi shingoni.

Baada ya robo saa niliinamisha sikio. Linachemka chini kwa chini, sauti kama ya soda iliyomiminwa kwenye glasi. Hiyo ni haidrojeni, inatoka pale asidi inapogusa chuma kitupu, na inashika moto. Kwa hiyo mdomo nimeufunika kwa kitambaa chepesi, sikuukaza na kifuniko, na tangi liko uani mbali na jiko la mkaa. Mchana nimelisogeza juani juu ya kipande cha bati, kwa kuwa siki yenye joto hufanya kazi haraka kuliko baridi.

Jumanne, 8 Julai

Tone.

Upande wa kushoto nyuma, kwenye mshono, rangi imevimba kama lengelenge, na katikati yake kuna unyevu unaonuka siki. Nilijua linaweza kutokea na bado limeniuma. Siki haikutoboa, tundu lilikuwepo, kutu ndiyo iliyokuwa imeliziba. Nimesugua kipande cha sabuni ya mche hapo kama madereva wanavyofanya tangi likivuja safarini, nikaweka karai chini. Tone limepungua, sasa ni moja kila dakika chache. Itatosha hadi kesho.

Jumatano, 9 Julai

Saa 48 zimetimia nikiwa kazini, nimerudi saa 11 jioni nikamwaga. Siki imetoka rangi ya kahawia iliyokolea. Nimeitia magadi ndani ya ndoo ikafura povu, ilipotulia nikaimwaga chooni. Matone yaliyoangukia sakafu ya saruji yameacha madoa ya kutu ambayo mama ameyaona kabla yangu.

Nikamulika ndani. Nilitamani mzee aone papo hapo. Dari ilikuwa ya kijivu, safi, kama bati jipya kabla halijaguswa na mvua. Kwenye mshono wa kati nikaona hata alama za mashine iliyounganisha bati kiwandani, vitone vilivyopangana kama mshono wa cherehani. Hakuna aliyekuwa ameviona tangu siku pikipiki ile ilipotengenezwa. Nikasuuza kwa maji ya bomba mara 3, nikalipindua juu ya matofali lichuruzike, nikaingia kuoga.

Nilirudi baada ya dakika 40. Nikamulika.

Lilikuwa la machungwa. Lote. Kutu changa, laini kama poda, ukipitisha kidole inatoka, lakini iko kila mahali, hadi kwenye vile vitone vya kiwandani.

Nimekaa nalo muda mrefu nikiwaza nilichokosea. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni kama ngozi iliyochunwa, hakina kinga yoyote. Siki ilibaki kwenye mishono kwa kuwa sikuizimua na kitu chenye magadi. Maji yalibaki juu ya bati. Na upepo wa kusi unatuletea hewa mbichi ya bahari mchana kutwa. Siku mbili nilizipa siki, dakika zile 40 sikuzipa hata wazo.

Mzee alisogea akainama, akatazama bila kusema. Kisha akaniuliza panga la shambani tulikuwa tunaliwekaje.

"Tunalifuta, tunalipaka mafuta."

"Saa ngapi? Kesho yake?"

"Palepale, baba."

"Basi," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Ijumaa, 11 Julai

Tundu limezibwa. Jana nilikwenda kwa fundi anayelehemu makarai na birika, mtu mzima, nikamwamkia, nikamweleza yote tangu mwanzo ili ajue tangi lilishaoshwa na petroli haijaingia tena. Hata hivyo alinusa mdomo wa tangi mwenyewe, akalijaza maji na kuliinamisha hadi tundu tu ndilo lililobaki juu ya usawa wa maji, hewa ya ndani ikawa ndogo kabisa. Nimependa uangalifu wake. Akakwangua rangi hadi kwenye bati jeupe, akapaka dawa, akagusisha lehemu kwa chuma alichokipasha mkaani. Haikuzidi dakika 5. Moto haukugusa tangi hata kidogo.

Nyumbani nilisugua chaki ya shule kwenye mshono wote wa chini, nikajaza maji, nikaacha usiku kucha. Chaki ikilowa hugeuka rangi hata kama maji ni chozi tu. Asubuhi ilikuwa kavu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi, 12 Julai

Duru ya pili, safari hii kwa ndimu ya unga. Dada yangu ameniletea kilo 1 kutoka kwa muuza viungo wa jumla. Kilo 1 kwa lita 11 za maji ya moto, moto wa kuogea mtu mvumilivu, si wa kuchemka. Kwa kuwa kutu iliyobaki ni changa, nimeiacha kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ndimu ina jambo moja ninalolipenda: inayashika madini ya kutu na kuyabeba ndani ya maji yasitue tena juu ya bati. Maji yalitoka ya kijani kibichi kama mafuta ya parachichi, hayana matope.

Lakini kazi ya leo hasa ilikuwa ni kupanga mambo kabla ya kumwaga. Saa 7 nilikuwa nimeshaweka kila kitu mezani kwa zamu yake, kutoka kushoto kwenda kulia, na nikafanya mazoezi ya mikono tangi likiwa bado limejaa: nitashika nini, nitaweka wapi. Mama alizima jiko bila mimi kumwomba mara ya pili.

Nikamwaga ndimu. Papo hapo maji ya moto yenye magadi, lita 3. Haya ni magadi yaleyale ya kulainishia maharage, yanayochimbwa kwenye maziwa kama Natron na Magadi. Nilipondaponda mawe kiasi cha kiganja kimoja, nikayayeyusha na kuyachuja. Yalifura kidogo kwenye mishono, dalili kwamba asidi ilikuwa bado imejificha humo. Tikisa, mwaga. Magadi ya mawe huja na chumvi, na chumvi ni adui wa chuma, kwa hiyo sikuyaacha ndani: maji safi ya moto mara 2, haraka, tangi likabaki na joto la kunisaidia kulikausha. Pindua, tikisa, hesabu hadi 30. Spiriti nusu lita, ile ya bluu: inajichanganya na maji yaliyobaki na kuyabeba nje. Zungusha kila kona ya shogi, mwaga. Mdogo wangu akapuliza kwa pampu ya baiskeli iliyofungwa mpira mrefu. Nilikataza mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu mvuke wa spiriti hautaki waya wenye moto karibu nao. Mwisho petroli nusu lita iliyochanganywa na oili ya 2T, ile ya kuchanganywa na petroli, vikombe viwili vidogo vya kahawa, nikalizungusha tangi polepole kama mtu anayepaka sufuria mafuta kabla ya kuoka, hadi kila upande ukang'aa kwa unyevu.

Dakika 13 tangu tone la kwanza la ndimu lilipotoka.

Nilimulika. Kijivu. Nikasubiri dakika 40 nikiwa nimesimama hapohapo. Kijivu. Nimemulika tena sasa hivi saa 4 usiku, ni kijivu chenye utando wa oili, na vile vitone vya kiwandani vimerudi.

Jumapili, 20 Julai

Wiki nzima tangi limekaa chumbani kwangu na mafuta yake kidogo, nikiligeuza kila jioni. Leo limepanda kwenye pikipiki. Koki ni mpya, ile ya zamani haikufaa. Mpira wa mafuta ni mpya pia, na katikati yake nimeweka chujio la plastiki inayopitisha mwanga, ili kinachoshuka kutoka kwenye tangi nikione kwa macho kabla kabureta haijakionja.

Kabureta niliifungua. Kikombe chake kilikuwa na tope lilelile la siku ya kwanza, na jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, ilikuwa imeziba kabisa; nimeitoboa kwa unywele mmoja wa waya wa umeme, shaba, maana chuma kingeweza kuipanua. Plagi nimebadilisha. Oili ya injini nimebadilisha.

Petroli lita 11, hadi shingoni. Kiki ya 9 ikakohoa. Ya 14 ikawaka, moshi wa bluu kwa dakika chache kwa ajili ya ile oili ya 2T, kisha ukaisha. Mzee alikuwa amefumba macho akisikiliza. "Ongeza hewa kidogo," akasema. Nikageuza skrubu robo, ikatulia.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Hesabu ya karibu wiki 3. Nimekwenda Muheza na kurudi mara mbili, na kazini kila siku. Chujio: siku ya kwanza lilipata chembe kama za pilipili manga iliyosagwa, nikalisafisha. Wiki ya pili chembe 3 au 4. Wiki hii hakuna ninachokiona hata nikilielekeza juani. Lehemu haijalia. Rangi karibu na mshono nitaigusia nikipata nyekundu inayokaribiana nayo.

Kila jioni najaza. Fundi wa mtaani, yule aliyenishauri maji ya betri, amekuja kumulika mwenyewe, akaniomba nimwandikie kipimo cha ndimu. Nimemwandikia kwenye boksi la plagi: kilo 1, lita 11, saa 6, na chini yake nikapigia mstari magadi, spiriti na oili, kwa mfuatano.

Leo asubuhi mzee alitoka amevaa viatu vyake vya kazi. Akafungua kifuniko, akaniomba tochi, akatazama upande wa kulia, akatazama wa kushoto, akafunga. Tunakwenda Muheza kwa rafiki yake wa zamani mwenye shamba la michungwa. Naendesha mimi, yeye atakaa nyuma.